Mshale wa Mizani

Mkono wa kulia ndio ulioanza,
kidole gumba kikisugua cha shahada
kana kwamba kinahesabu noti zisizokuwepo.
Msimu ule korosho zilichelewa Newala,
na kwenye ghala la chama karani wa mizani
alikuwa mume wangu, Bakiri Nambunga,
miaka kumi na tisa, kalamu sikioni.

Watu wana midomo. Walisema mshale umemrudi:
"Aliyepunja gramu hulipwa kwa kutetemeka."
Wakacheka. Wakanyamaza nilipopita na ndoo.
Ya watu sikuyajali.
Nililojali ni kwamba na yeye alianza kuyaamini.

Usiku, ukungu umeshuka hadi kizingitini,
namsikia anapima upya magunia ya wafu.
"Gunia la marehemu Nantende, kilo sabini na tisa.
Niliandika sabini na nane, Somoe?"
Nitajuaje, baba Sharifa? Lala.
Halali.
Anaitafuta halali yake gunia kwa gunia.

Ming'oko ikapoa kwenye sahani.
Mjukuu akamletea bibo jekundu, la kwanza la mwaka,
akalitazama kama atazamaye ukuta.
Mtoto akaniuliza: Babu amenikasirikia?
Uso ulikuwa umefungwa kwa ndani,
na mimi, mwenye ufunguo wa miaka thelathini na mmoja,
nikawa nabisha hodi kama mgeni.

Ndanda tulifika kwa basi la alfajiri.
Dokta Akwilina, binti mdogo tu,
hakuanza na mikono.
"Unalala? Unakula?
Kuna asubuhi unaamka ukasikitika kwamba umeamka?"
Feni ya dari ilizunguka, ikazunguka.
Kisha mume wangu akasema, "Zipo,"
sauti ndogo, punje moja ikidondoka sakafuni,
na mimi nilikuwa nimekaa palepale, bega kwa bega,
na nilikuwa sijui.

Akatueleza. Sikushika yote.
Nilishika kwamba Pakinsoni haili mikono tu,
inanyonya ubongoni kile kinachotupa hamu ya kesho;
kwamba sonona si uvivu, wala imani haijapungua,
na mara nyingine hutangulia, mkono bado umetulia.
Nikakumbuka mwaka alioacha kunyoa ndevu,
na maneno niliyomwambia.
"Na hiyo hatia," akasema daktari, "nayo ni dalili.
Inasema kwa sauti ya ukweli, lakini ni dalili."

Sasa vidonge vya mkono vina saa zake,
simu inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani.
Kidonge cha moyo kilitaka subira ya wiki kadhaa;
wiki ya tatu nilikaribia kukitupa chooni.
Mlangoni, miguu yake inaponasa ardhini,
nimechora mstari wa mkaa. Vuka huu, namwambia,
naye anavuka akihesabu kwa sauti ya ghalani:
moja, safi; mbili, safi; tatu, safi,
hadi kwa Mchopa fundi baiskeli, na kurudi.

Sitasema amepona.
Zipo siku ukungu hauinuki mpaka adhuhuri.
Nakaa naye humo humo, namenya mihogo.
"Jikaze" sisemi tena.

Lakini juzi redio ilipotangaza bei ya mnada
alipiga meza, chai ikamwagika:
"Bei gani hiyo! Wanatuona sisi maganda?"
Uso uleule wa ubao, sauti ileile nyembamba,
ila hasira ilikuwa kamili, kilo mia, haina mchanga.
Nikaenda jikoni kuchukua kitambaa,
nikakawia huko,
nikicheka ndani ya khanga, machozi yakinitoka,
na chai ikatiririka mezani, ikashuka sakafuni,
ikaufuata mstari wa mkaa.