Mita Tisini na Mbili

Mtambo ulinguruma siku mbili,
vumbi jeupe likapaa hadi kwenye kenchi zisizo na bati.
Siku ya tatu maji yakaruka.
Fundi Ndahani akavua kofia kama aliyeingia kanisani,
nasi tukapiga vigelegele.
Hatukuwa tumeonja.

Nilionja kwanza mimi, mtoto wa Lushoto,
niliyekulia kwenye maji yasiyo na neno,
baridi tu, unameza na kusahau.
Haya ya Nala yalisema.
Yalisema chumvi, yakasema chuma,
yakakaa ulimini kama mgeni asiyeaga.

Sabuni iligoma kutoa povu.
Birika likavaa koti jeupe kwa ndani,
maziwa yakakatika kwenye chai.
Nikapeleka chupa maabara, mjini,
nikarudi na karatasi yenye safu ya namba
na mstari mmoja uliopigwa kalamu nyekundu:
floridi.

Wauzaji walinusa kisima kipya.
Wa kwanza alileta klorini. "Vidudu vyote vitakufa."
Vidudu hatuna, nikamwonyesha karatasi.
Jirani akasema chemsha tu.
Nikachemsha: maji yakapungua, chumvi ikabaki.
Aliyefuata alivaa tai saa saba mchana,
na picha za mashine yenye dhamana ya miezi sita:
ndoo moja ya kunywa,
ndoo tatu za kumwaga.
Kumwaga maji, Dodoma!
Nilimtazama kama mtu aniuziaye jua.

Mama mkwe akafika kutoka Bahi,
akaomba maji, akamaliza kopo, akajilamba.
"Haya ndiyo maji. Yale ya chupa yalishakufa."
Masima, mume wangu, akacheka,
na mkono ukaenda mdomoni, kama kawaida yake.

Miaka sita ya ndoa. Katika picha ya harusi
bwana harusi amefumba midomo.
Nilidhani ni upole.
Meno yake ya mbele yana rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni,
na kijijini kwao darasa zima walikuwa nayo,
hakuna aliyemwona mwenzake,
hadi alipopelekwa bweni Iringa
akapewa jina ambalo hajawahi kunitajia.
Usiku ule, taa imezimwa,
kiganja chake juu ya tumbo langu la miezi saba,
alisema sentensi moja:
"Huyu acheke wazi."

Basi karatasi nikaikunja.

Tumenunua pipa. La bluu, koki chini,
na ndani yake mkaa wa mifupa,
umechomwa taratibu, ukasagwa kama chenga za mahindi.
Niliuliza mara mbili ni mifupa ya nini.
"Ng'ombe, mama. Ng'ombe mtupu."
Chumvi hauigusi. Hauna kelele wala tai.
Unashika lile moja tusilolitaka,
unashika hadi unachoka, kisha unabadilishwa;
tarehe nimeiandika ukutani kwa penseli,
kabla ya rangi, kabla hata ya plasta kukauka vizuri.
Maji ya kuoga yabaki na ukali wake,
sabuni tutaibembeleza.
Na bati likishapigwa, tutafunga mfereji na tangi
kwa ile miezi michache ambayo mbingu hutukumbuka.

Mama mkwe aliligonga pipa kwa kidole, akasikiliza.
"Ng'ombe alinitolea mahari," akasema,
"akaninyweshea watoto, akanisiribia nyumba.
Leo kafa, kachomwa, kasagwa,
na bado mnamtuma maji."

Sikujua kama ananilaumu au anamsifu.

Kisha akaomba kopo lake,
la kisimani, lisilopita pipani.
Nikamtekea.