Safu ya Taslimu

Karatasi ilizunguka sebuleni kwa Swabra, Nyali,
pamoja na sahani ya kachri na kalamu moja ya wino mweusi:
mchango wa matibabu ya Mwalimu Mbwarali,
aliyetufundisha hesabu, kidato cha nne, mwaka wa tisini na nane.
Jina. Ahadi. Taslimu.
Safu tatu, zimepigwa mstari kwa rula.

Nikaona tunavyoandika.
Hakuna aliyeanza na mkono.
Macho yalipanda kwanza, yakasoma ya aliye juu,
yakashuka, yakapima,
ndipo kalamu ikagusa karatasi.
Swabra alikuwa wa kwanza: elfu hamsini,
sifuri zake zimefungwa sawasawa kama vifungo vya kanzu.
Fauz, arobaini. Mwachiro wa bandarini, arobaini pia,
kisha akarudi akaongeza tano.
Nyevu aliandika mia nane,
akaifunika kwa kiganja mpaka karatasi ikampita.

Mimi niliandika elfu ishirini.
Sijui nani aliandika. Mkono ulikuwa wangu.

Umri wetu mmoja, hapo ndipo penye kidonda.
Tajiri wa miaka sabini hanikoseshi usingizi,
wala kijana anayeendesha gari la babake.
Lakini Swabra na mimi tulikaa dawati moja, Tudor,
tulinunua kifutio kimoja, tukakikata kwa wembe.
Nusu yake imezaa ghorofa mbili.
Yangu imezaa chumba na sebule Likoni,
cherehani ninayoilipia mpaka Novemba,
na kiwanja Mtwapa ambacho hati yake
iko kwa wakili tangu kitinda mimba wangu anatambaa.
Sasa anavaa viatu vyangu.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya daftari lake.
Nilicho nacho, toa ninachodaiwa.
Jibu likaja na alama ya kutoa mbele,
kama mgeni aliyetanguliza fimbo.
Nikamsikia Mwalimu akigonga ubao kwa pete:
"Taja kipimo! Jibu bila kipimo ni yai!"
Mia na sabini nini? Embe? Maili?
Nikaandika: elfu, shilingi. Nikafuta.
Nikaandika: miaka. Nikafuta.

Tena walinichagua mweka hazina,
eti mwandiko wangu unasomeka.
Basi wiki tatu simu yangu imekuwa dirisha la vyumba vyao.
Nyevu alituma siku ile ile, kabla hajaosha karai la viazi.
Fauz katuma elfu mbili, na ujumbe mrefu kuliko pesa.
Mwachiro alinipigia saa nne usiku, sauti ya chini:
mizigo imepanda reli, kazi bandarini ni ya kubahatisha,
"lakini usimwambie mke wangu. Wala Swabra."
Na Swabra? Safu yake nyeupe kama vigae vyake.
Sikumuuliza. Ningemuulizaje,
na yangu nyeupe vile vile?

Jumamosi nikapeleka kilichopatikana.
Wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango.
Mwalimu alinitazama kitambo, akatabasamu kwa ufizi:
"Swabra! Umenawiri, mwanangu. Pesa imekukubali."
Nilikuwa nimevaa buibui la dada yangu.
Nikasema, "Alhamdulillahi, Mwalimu."
Akanipigapiga mkono, akalala.

Nikarudi kwa feri, isiyomdai nauli mwenda kwa miguu.
Tulisimama tumebanana, wengi rika langu,
hakuna aliyejua ahadi yangu, nami sikujua ya mtu.
Mwanamume mmoja alishika kuku. Mwengine, mlango mzima wa mbao.
Nilijikuta naupigia bei.

Nikafungua mkoba: pesa ya mteja wa gauni la Ijumaa, nimeshona, ni yangu.
Nikaitia kwenye bahasha ya Mwalimu.
Nikatoa orodha, safu ya tatu, mbele ya jina langu,
nikaandika elfu moja na mia tatu,
sakafu ya chuma ikitetemeka,
na sifuri zangu zikatoka zimepinda,
mbili,
zote hazikufunga.