Kistari Kirefu

Kazi yangu ni kuandika wanachosema.
Si wanachokusudia. Si kikohozi,
wala miayo ya mheshimiwa wa safu ya nyuma
anayechungulia simu chini ya dawati.
Miaka kumi na tisa hapa Sydney, katika Bunge la jimbo,
vidole vyangu vimebeba mabwawa, reli, kasino,
na matusi yaliyofutwa kwa amri ya Spika.

Saa tatu na dakika ishirini na sita usiku.
Ukumbini wamesalia watu saba
na zulia la kijani linalomeza nyayo.
Anasimama Lorelle Tancred, mbunge wa kule magharibi
ambako mvua ni habari ya ukurasa wa kwanza.
Ana karatasi tatu.
Ana dakika tatu.

Ya kwanza ni figo.
Noelene Pascoe, dereva mstaafu wa basi la shule,
kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa
huendesha kilomita mia na themanini akasafishwe damu,
mia na themanini nyingine kurudi,
kwani mashine ya Warrabilla imefunikwa shuka
tangu nesi wa mwisho alipohama.
"Mheshimiwa Spika, shuka hilo hufuliwa kila mwezi.
Shuka lina mhudumu. Noelene hana."
Mtu alicheka, akajuta.
Sikuandika kicheko. Majuto nayo hayana alama yake.

Ya pili ni hema.
Mama wa Kiyazidi, mkata nyama kiwandani,
mwanawe yuko kambini Duhok, mwaka wa nane huu,
na faili lake "linashughulikiwa".
"Neno hili lingekuwa mtoto," alisema Tancred,
"sasa lingekuwa darasa la pili,
linajua kusoma jina lake."
Sauti ikapaa upande wa pili: "Hilo ni la serikali kuu!"
Kweli, ni la serikali kuu.
Hata mimi nisiye na kura humu ndani nalijua.
"Nami najua," akajibu bila kugeuka,
"ila anayelia, analilia jimboni kwangu."

Saa ya ukutani ilionyesha sekunde kumi na moja.
Karatasi ya tatu hakuifunua. Aliitupia yote kwa pumzi moja:
kwamba mama huyo ana binti, Hadla,
mlinzi wa goli, mikono mirefu kama ngazi,
kwamba wasichana hucheza netiboli wakimulikwa na magari ya wazazi,
kwamba juzi, robo ya mwisho, ute ya kina Pascoe
iliishiwa betri, nusu ya uwanja ikazama,
na kwamba taa za uwanja —

Kengele.

Kanuni yetu ni hii: sentensi ikikatwa,
weka kistari kirefu, wala usiikamilishe.
Nikaweka.

Kesho yake alishuka ofisini kwetu,
mvua imemlowesha mabega, rasimu mkononi.
Nikajua amekuja kuomba taa zake.
Hukuja mbunge hapa bila kutaka kuongeza
jambo aliloshindwa kusema.
Nikajiandaa kukataa kwa adabu.

Akaweka kidole mstari wa thelathini na mbili.
"Umeandika Bessie," akasema. "Anaitwa Basê.
B, a, s, na e yenye kofia."
Basi.
Alisimama akingoja hadi niliposahihisha,
akainama kwenye skrini akakihakiki kile kikofia,
akaondoka kuwahi treni.

Jibu la wizara lilifika baada ya wiki sita,
aya mbili, na ndani yake neno lile lile
ambalo sasa linakaribia darasa la tatu.
Kuhusu taa, hakuna; hawajaulizwa.

Kistari bado kipo, ukurasa wa mia nne na sita.
Siku hizi nikifunga kompyuta usiku
hukiona kimelala pale, cheusi, chembamba,
mfano wa nguzo iliyoangushwa uwanjani,
inangoja watu wanne na kamba.