Nati za Kipepeo

Mara ya kwanza nilimfungia rafu kwa parafujo arobaini na mbili.
Nilizihesabu kwa majivuno, kama mtu anayehesabu wajukuu.
Haisi ya Zaina Semhando, fundi wa kutengeneza cherehani,
anayelala Mombo leo, kesho Bumbuli, keshokutwa Mlalo,
iliegeshwa mbele ya karakana yangu, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
ubavu mmoja juani.
Nikamwambia: hii haitoki mpaka kiama.
Akacheka. Akalipa. Akaondoka na vichwa vyake vya cherehani,
mikanda, sindano, chupa za mafuta,
kila kitu na tundu lake.

Wiki ya tatu akarudi. Hakufoka.
Afadhali angefoka.
Alikaa juu ya gogo la mninga, akaomba maji,
akasimulia kama anayesoma risiti:
saa nane usiku, Magaoni, jirani yake Mwanamvua kashikwa na uchungu,
bodaboda haifai, mwenye teksi hapokei simu,
na gari lipo, gari zima, lina mafuta,
ila tumboni limejaa rafu yangu.
Wakashika bisibisi, yeye na mume wa Mwanamvua,
tochi ya simu mdomoni.
Parafujo kumi na moja zikatoka, ya kumi na mbili ikalika kichwa.
Mwanamvua akalazwa upande, magoti yamebanwa na mbao zangu,
hadi Bombo,
kila shimo la barabara likimgongesha kwenye kazi niliyojisifia.

"Mtoto?" nikauliza.
"Mtoto mzima. Ana sauti kama honi.
Lakini fundi, mbao inayokataa kumpisha mtu
si rafu hiyo, ni mpangaji sugu."

Basi nikaanza upya.
Pima maji nikaiweka kando,
maana ndani ya gari povu lake linasema uongo:
barabara yenyewe imeinama, tairi moja lina upepo kidogo,
na bati la ubavuni halijawahi kuujua mstari ulionyooka.
Nikakata kaboksi la sabuni, nikalibandika ukutani,
nikalinyofoa kidogo, nikalirudisha, nikalinyofoa,
hadi likakaa kama kofia kwenye kichwa chake.
Gari hulipimi kwa ardhi. Unalipima kwa lenyewe.

Mtiki wa Muheza, mwembamba, wa kubebwa na mtu mmoja.
Miguu ikatumbukia kwenye vikombe vya chuma
ambavyo kijana Mhando alivichomelea sakafuni.
Chini nikatandika vipande vya tyubu ya baiskeli
(mji huu haujawahi kuishiwa tyubu)
ili isipige kelele kwenye kona za milimani.
Na juu, mahali pa parafujo arobaini na mbili,
nati nne za kipepeo.
Nne tu. Zinafunguka kwa kidole gumba na cha shahada,
hata gizani, hata kwa mkono unaotetemeka.

Niliona haya, sifichi.
Miaka ishirini na sita nimesifiwa kwa kisichotikisika:
mlango, kitanda, kabati la bibi harusi.
Hakuna aliyewahi kuniambia: fundi,
nitengenezee kitu kinachojua kuondoka.

Zaina akashika saa. Mimi nikashika nati.
Moja. Mbili. Ya tatu ngumu,
nikaitia tone la mafuta yake ya cherehani.
Nne. Nikavuta.
Rafu ikatoka nzima na nyuzi zake zote,
ikasimama kando ya mtaro
kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo chake, asilalamike.

"Sekunde hamsini," akasema. "Rudia."
Nikarudia. Mhando akaacha kuchomelea, akaja kutazama.
Arobaini na nne. Thelathini na nane.
Adhana ya alasiri ikatukuta kwenye thelathini na moja,
shati limenigandama mgongoni.
Nikadhani tumemaliza.
Akasema, "Sasa fumba macho."