Fremu Yenye Bawaba

Tukuyu mvua haipigi hodi.
Inapenya kwenye matundu ya misumari ya bati,
inalala na wewe kitandani,
na asubuhi unakuta kiatu cha kushoto
kimeota ndevu za kijani.

Ndiyo maana leo nazihesabu, mezani,
juu ya kanga kavu ya mke wangu:
kadi mia mbili na kumi na saba,
za wachezaji waliotoka ndani ya bigijii
tulizotafuna mpaka taya zikauma.
Utamu ukiisha, tunabandika chini ya dawati,
tunabaki na mtu: jezi, bukta fupi,
soksi zilizoshuka,
mikono kiunoni kama anadai deni.

Miaka thelathini wamekaa kwenye kopo la maziwa ya unga.
Jana nilipolifungua, lilipumua harufu ya pango.
Beki namba tatu ana madoa shingoni.
Golikipa wa glovu za njano
amegandana uso kwa uso na mshambuliaji;
nikiwavuta, mmoja ataondoka na pua ya mwenzake.

Kila mtu ana ushauri.
Mke wangu Subilaga: "Chukua albamu ya harusi.
Nusu ni tupu, mpiga picha alilewa."
Mwanangu: "Zipige picha kwa simu, baba, halafu tupa."
Nimemsamehe. Ana miaka kumi na miwili
na hajawahi kupoteza kitu kisicho na chaja.
Mama mkwe: "Mchele. Fungia kwenye kitambaa, tia koponi,
utakunywa unyevu wote.
Lakini mchele wa Kyela, siyo huo wenu wa chenga."

Hapana. Safari hii nataka waonekane.
Nimewaficha kama mtu aliyekula fedha za ushirika.
Nikawapeleka Katumba, kwa fundi Anyosisye,
anayetengeneza fremu za vyeti vya ndoa
na milango ya mabanda ya ng'ombe
kwa randa ile ile.

Akapima. Akatoa penseli sikioni, akairudisha.
Akageuza kadi moja, akaigeuza tena.
"Upande upi utatazama watu?"

Nikacheka. Kisha sikucheka.

Maana nyuma, kwa penseli, kwa wino, kwa mkaa:
Mali ya Lwitiko, darasa la nne B.
Lwitiko kakatwa. Juu yake: Mali ya Asajile.
Asajile kakatwa kwa hasira, karatasi imechubuka.
Kisha mimi.
Tulizipiga kwa kiganja nyuma ya choo cha shule:
ikipinduka, yako; ikigoma, zamu ya mwenzako.
Moja ina majina matano,
kama hati ya shamba lenye kesi.
Na moja, winga mwenye nywele za kichaka:
Mali ya Tumpe. Ukiiba utaota jipu makalioni.

Mbele ni watu nisiowajua,
wala hawakuwahi kunijua.
Nyuma ni darasa zima, na mwalimu hayupo.

Fundi akangoja. Nje watu walikuwa wanachuma chai mvuani,
makoti ya nailoni yakinong'ona.
"Kioo mbele, kioo nyuma," nikasema.
"Na bawaba. Ifunguke kama dirisha."
"Bawaba ina bei yake."
"Najua."

Zimeingia ishirini na nne tu.
Nyingine zimerudi koponi, pamoja na mchele wa Kyela;
mama mkwe hajui kwamba ameshinda, usimwambie.
Fremu iko ukuta wa ndani,
mbali na jiko, mbali na dirisha,
mahali ambapo hata mvua hulazimika kuuliza njia.

Jumapili alipita Tumpe. Siku hizi ana duka la mbolea,
miwani ya kamba, sauti ile ile.
Hakuomba ruhusa. Akafungua bawaba, akasoma nyuma,
akanyamaza kama anayehesabu chenji.
"Hii hukunishinda," akasema.
"Uliichomoa kwenye daftari langu la Maarifa
siku ile nina malaria."

Nikamkaribisha chai.
Nikavuta kiti, nikakaa polepole,
kwa upande mmoja.