Aliyesema Sijui

Mume wangu aliandika majina mawili
nyuma ya risiti ya unga,
bei pembeni, na umbali kutoka Langalanga
kwa bodaboda, usiku, mvua ikinyesha.
Ni fundi wa mizani pale sokoni.
Anaamini kila kitu kinapimika.

Wa kwanza, Milimani. Vigae vinang'aa
hadi nikaona ndani yake tundu la leso yangu.
Daktari aliiuliza kompyuta, kompyuta ikajibu.
Mtoto akapiga chafya. Hakugeuka.

Wa pili, karibu na stendi. Mzee mcheshi,
anaujua ukoo wetu wote hadi Molo.
Alishika kalamu kabla sijamfunua mtoto:
"Mama Cheptoo, watoto ni wale wale. Ni mafua."

Ni mafua.
Neno hilo nalijua. Miaka minne iliyopita
lilitamkwa kwa uhakika uo huo
juu ya kifua cha Kibitok,
nikalibeba nyumbani kama dawa,
nikalala nalo.
Asubuhi yake siiandiki.

Wa tatu hayumo kwenye risiti.
Nyaboke, muuza mayai, ndiye aliyenielekeza:
Shabab, ngazi za nje, juu ya duka la misumari,
mlango uliopakwa rangi nusu.
Benchi moja, saa mbili na zaidi, mgongo unauma.
Daktari Nasambu alinawa, mikono ikawa baridi,
akaiweka shingoni mwake kwanza, akangoja.
Akaishika ngumi ya Cheptoo
mpaka ikafunguka yenyewe.
Akasikiliza kifua. Akasikiliza tena, macho kafumba.

"Hapa pana kitu sikielewi," akasema.
"Huenda si kitu. Sijui bado.
Mlete kesho asubuhi. Na usiku akihema hivi"
(akanionyesha kwa mbavu zake mwenyewe, koti wazi)
"usingoje kupambazuke. Nipigie."

Chini, mume wangu ameegemea mabati:
Anasemaje?
Anasema hajui.
Na tumlipe kwa kutojua?

Lipa, nikamwambia.
Wewe si fundi? Mizani nzuri
huchezesha sindano kabla ya kusema.
Ile inayotua mara moja
umenifundisha mwenyewe: imekwama.

Usiku ule yeye alishika saa,
mimi kifua cha mtoto.
Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Arobaini na mbili.
Simu tuliilaza katikati yetu,
imejaa chaji.