Mawe Matano

Miaka thelathini na mmoja nimelala chali chini ya magari ya watu,
gereji yangu iko barabara ya Kasese,
na sasa hata usiku, umeme ukikatika Fort Portal nzima
na mbwa wakanyamaza,
ndani ya masikio yangu kuna mzinga wa nyuki.
Daktari kasema: hawatoki hao. Jifunze kukaa nao.

Basi nikaanza kwa kutoa.
Nikatoa tairi saba zilizopandwa waridi,
ndoo, madebe, injini ya trekta
niliyoapa ipo siku nitaifufua,
swala wa saruji aliyevunjika pembe,
na maua ya dada yangu marehemu, ya kila rangi:
hayo nikayang'oa na udongo wake
nikampelekea Abwooli, jirani wa upande wa mto.
Sikulia. Nilikohoa kidogo tu.

Picha niliikuta kwenye dashibodi ya gari kuukuu
lililoshuka kutoka Japani na sarafu za mwenyewe bado zimo.
Mawe. Changarawe. Mti mmoja.
Mtu hakuna.
Nyuma, maandishi kama njia za mchwa.
Miaka tisa imebandikwa juu ya meza ya spana,
imelamba oili, imekunjika pembe,
na mimi naitazama kama mwenye deni anavyoutazama mlango.

Mawe niliyafuata mwenyewe kwenye maziwa ya kasoko,
meusi, yenye vitundu, yaliyowahi kuwa moto.
Matano.
La sita lilikuwa zuri kupita yote. Nikaliacha;
lingetaka kusifiwa kila asubuhi.

Benchi ni la Solveig, muuguzi wa Norwe.
Land Rover yake niliitibu mpaka siku aliyorudi kwao.
Mbao nyeupe, haina rangi, haina nakshi, haina hata msumari.
Nilidhani rangi iliwaishia.
"Kwetu jua ni mgeni wa nadra," aliniambia,
"kwa hiyo tunampunguzia vitu, apate pa kukaa."
Jua la hapa si mgeni, ni mwenye nyumba,
lakini nikaelewa.

Mtaa haukuelewa.
"Araali, maharage yako wapi?"
"Araali, umefiwa na nani tena?"
Mpwa wangu Kaijabwango akaja na jembe begani,
akasimama, akakuna kichwa:
"Mjomba, changarawe hii itazaa nini? Kokoto?"
Nikamwambia itazaa nafasi.
Akacheka mpaka akaketi chini.

Lakini siku nilipovuta reki mara ya kwanza
mkono ulitangulia, mimi nikafuata.
Mistari ilitoka, sambamba, bila kufundishwa,
nikamwona bibi, mama wa baba,
ameinama na fagio la vijiti kabla ya ndege,
uwanja mtupu, mwekundu, una mawimbi ya fagio,
nasi watoto tumekwama mlangoni:
asikanyage mtu mpaka jua liguse kizingiti!
Nilimwita mkali, bibi wa watu.
Kumbe alikuwa na picha yake.

Juzi mvua ilishuka kutoka Rwenzori bila hodi.
Mawe yakawa meusi zaidi ya weusi wao.
Mti wangu mmoja, mwanzi mwembamba,
ukainama, ukainuka, ukaacha hivyo.
Nyuki wapo. Ila nilipohesabu matone kwenye jani
niliwasahau hadi ishirini na tatu.

Abwooli akaja bila kubeba kitu, jambo geni kwake.
Akaketi benchini. Hakusema.
Kuku wake akavuka changarawe yangu,
vidole vitatu, vidole vitatu, vidole vitatu,
akakata mistari yote ya asubuhi.
Nikanyanyua reki; nikairudisha chini.
Tukakaa hivyo mpaka chai ya saa kumi ikapoa kwa wenzetu,
ndipo Abwooli akasafisha koo, kwa sauti ndogo,
akaniuliza changarawe lori moja shilingi ngapi.